Kichwa cha hati kinapoteza umbo nikikiita kwa kifupisho: nifanyeje?

Msomaji wetu mmoja ameandika hivi: "Mwalimu, habari ya kazi. Nafanya kazi kwenye saiba hapa Community, karibu na Ardhi House. Kutwa nachapa hati za kiapo, mikataba ya kuuza magari na mashamba, na kumbukumbu za mikutano ya vyama. Kichwa ni kilekile, maneno ya saini ni yaleyale, ila majina tu yanabadilika. Nilijaribu kuyaweka kwenye AutoCorrect ya Word ili niandike herufi chache yatokee yenyewe. Yanatokea, lakini bila herufi nzito, hayakai katikati, na aya ndefu inakatika kabla ya kuisha. Nikiyanakili kutoka hati ya zamani, fonti inabadilika. Kwenye kompyuta yetu ya pili, yenye LibreOffice, hakuna kinachotokea kabisa. Mwenzangu ananiambia nijifunze makro. Nifanyeje?"

Salama, dada, na pole na foleni ya wateja. Makro, yaani amri zilizorekodiwa au kuandikwa ili kompyuta izitekeleze yenyewe mfululizo, yaache kwanza, nitayagusia huko chini. Unachokitaka kimo ndani ya Word na ndani ya LibreOffice bila kuongeza programu yoyote, ila hakiko pale ulipokitafuta.

Aya inayokatika ndiyo iliyonionyesha kilichotokea. Ulifungua dirisha la AutoCorrect, ukaandika kifupisho kwenye kisanduku cha kushoto, ukabandika maneno kwenye cha kulia. Kisanduku hicho cha kulia hupokea herufi 255 tu, nafasi na alama zikihesabiwa humo. Kinachozidi hapo hakiingii. Na kwa kuwa ulibandika moja kwa moja kisandukuni, Word ilipokea herufi tupu, wala haikujua kwamba mstari ule ulikuwa mzito na umekaa katikati. Umbo halikupotea ulipoyaita maneno. Halikuhifadhiwa tangu mwanzo.

Dawa ya AutoCorrect yenyewe ni fupi. Chapa kwanza maandishi ukurasani, yapambe mpaka yawe kama unavyotaka yatoke kwenye printa, yachague yote, ndipo ufungue File, Options, Proofing, AutoCorrect Options. Safari hii, juu ya kisanduku cha kulia, maneno mawili yaliyokuwa yamefifia yataamka: Plain text na Formatted text. Chagua la pili. Kikomo cha herufi 255 hakikuhusu tena, na umbo linahifadhiwa pamoja na maneno. Kifupisho cha namna hii hukaa kwenye faili la Normal.dotm, ghala la Word lenyewe, na hufanya kazi ndani ya Word peke yake. Vile vya herufi tupu hutumika hata ndani ya Excel.

Hata hivyo, kwa kichwa cha hati au kifungu kizima sikushauri AutoCorrect. Ubaya wake ni kwamba haikuulizi. Ukimaliza neno na kubonyeza nafasi, nukta au Enter, inabadilisha papo hapo. Kwa maneno mawili matatu yenye herufi nzito hilo ni sawa. Kwa nusu ukurasa wa hati ya kiapo unaotumbukia katikati ya barua ya mteja mwingine, si sawa. Tumia AutoText, ambayo husubiri mpaka uiite kwa kitufe cha F3. Chombo hiki ni cha zamani kuliko AutoCorrect. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Dean Hachamovitch, aliyekuwa kwenye timu ya Word huko Microsoft, aliona kwamba orodha ya maneno yanayoitwa kwa F3 ingeweza pia kurekebisha makosa madogo ya kuchapa ikiwa itajiita yenyewe, na AutoCorrect ikatokana na wazo hilo. Sisi turudi kwenye F3.

Bonyeza kitufe cha ¶ kwenye kichupo cha Home, au Ctrl+Shift+8, ili uone alama zilizofichika. Mwisho wa kila aya utaona ¶. Alama hiyo ndiyo inayobeba umbo la aya: kukaa katikati, nafasi kati ya mistari, nafasi kabla na baada ya aya, vituo vya Tab, na mtindo. Herufi nzito na mlazo hubebwa na herufi zenyewe. Kwa hiyo ukichagua maneno ukaiacha ¶ ya mwisho nje, mstari huo utakuja na uzito wake lakini utakaa kushoto, kwa sababu utavaa umbo la aya unayoiingizia. Wachapaji wengi wazuri ninaowafahamu huishi na tatizo hili miaka mingi wakilaumu kompyuta, kumbe ni alama moja tu iliyoachwa nje. Chagua pamoja na ¶ ya mwisho kila unapohifadhi aya nzima. Iache nje pale tu unapotaka maneno yaingie katikati ya sentensi.

Ukishachagua, bonyeza Alt+F3. Dirisha dogo litafunguka. Lipe jina, kwenye Gallery chagua AutoText, kwenye Save in chagua Normal, kisha OK. Kuanzia hapo, andika jina hilo popote na ubonyeze F3. Kwenye laptopu nyingi F3 imepewa kazi ya sauti au mwanga wa skrini, basi shika Fn kwanza. Ukitaka kurekebisha kipande ulichokwisha kuhifadhi, kiite, kirekebishe ukurasani, kichague tena, Alt+F3, jina lilelile, na ukiulizwa kama ukibadilishe ukubali.

Kuhusu majina ya vipande nina pendekezo ambalo Kiswahili chenyewe kimetupa. Alfabeti yetu haina q wala x. Basi kila kifupisho kianze na x: xkiapo, xmkataba, xsaini, xchama. Hutaandika neno kama hilo kwa bahati mbaya ukiwa unachapa Kiswahili, na hata kwa Kiingereza hayapo. Ukitumia kifupisho kama "mali" au "kata" kwenye AutoCorrect, siku moja mteja ataleta barua ya chifu na kila "kata" itageuka kuwa aya ya mkataba.

Sasa fonti inayobadilika, ambayo ndiyo kiini cha swali lako japo umeitaja kwa sentensi moja. Kila aya ndani ya Word ina mtindo, hata kama hujawahi kuugusa. Usipochagua chochote, mtindo ni Normal. Na Normal si ileile kwenye kila faili. Kwa miaka mingi Word ilifungua ukurasa mpya kwa Times New Roman, kuanzia toleo la 2007 ikawa Calibri, na matoleo ya karibuni yanatumia Aptos. Mteja anakuja na faili aliloanzia nyumbani, unaita kichwa chako ndani yake, na kichwa kilichokuwa Times kwenye kompyuta yako kinatokea Calibri. Sheria ya Word ni kwamba mtindo wa jina lilelile ukikutana na mwingine, ule wa hati inayopokea ndio unaoshinda. Ni kama kuhamia nyumba ya kupanga: fanicha zako unaingia nazo, lakini rangi ya kuta ni ya mwenye nyumba.

Kwa hiyo usitegemee Normal. Tengeneza mitindo yako yenye majina ambayo mteja hawezi kuwa nayo. Bonyeza Alt+Ctrl+Shift+S kufungua orodha ya mitindo, kisha kitufe cha New Style kilicho chini yake. Uite kwa mfano SB Kichwa, mwingine SB Aya, mwingine SB Saini, ambapo SB ni herufi za saiba yenu. Pale penye Style based on, chagua no style. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo yenye maana kuliko zote: mtindo uliojengwa juu ya Normal utabadilika Normal ikibadilika, hata ukiwa na jina lake. Ukishauondoa juu ya Normal, taja kila kitu mwenyewe, yaani fonti, ukubwa, nafasi kati ya mistari, nafasi kabla na baada ya aya. Usiache kitu kikisie. Kisha uvalishe maandishi yako mitindo hiyo na uyahifadhi upya kwa Alt+F3. Ukiyaita kwenye faili lisilo na SB Kichwa, mtindo utaingia pamoja nayo.

Kuna kitu kimoja ambacho kipande kilichohifadhiwa hakikibebi: ukubwa wa karatasi na pambizo. Hivyo ni vya ukurasa, si vya aya. Word iliyowekwa kwa mipangilio ya Kimarekani hufungua karatasi ya Letter, ambayo ni pana kidogo na fupi kuliko A4 yetu ya milimita 210 kwa 297. Kama hati zako huonekana sawa kwenye skrini lakini saini inaruka ukurasa wa pili ukichapisha, angalia hapo kwanza.

Nikija kwenye majina ya wateja, hapa nakuomba ubadilishe mazoea. Umesema unanakili kutoka hati ya zamani. Najua saiba nyingi hufanya hivyo: unafungua mkataba wa mteja wa jana, unaubadilisha jina, unauhifadhi upya. Siku ukisahau sehemu moja, mteja wa leo anaondoka na namba ya kitambulisho cha mtu mwingine mkononi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na namba ya kitambulisho ni data binafsi ya mtu. Lakini hata sheria isingekuwepo, yule mteja wa jana alikuamini. Kipande unachokihifadhi kisiwe na jina la mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kiti cha mbele yako.

Mahali pa majina weka alama ambayo haiwezi kuwa neno. Mimi hutumia @@MUUZAJI@@, @@MNUNUZI@@, @@KITAMBULISHO1@@, @@GARI@@. Funga pande zote mbili. Ukiandika @@MUUZAJI bila kufunga, na kwingine @@MUUZAJI2, ukibadilisha ya kwanza utakuwa umeharibu na ya pili, kwa kuwa herufi zake zimo ndani. Ukishaita kipande, bonyeza Ctrl+H, weka alama juu, jina chini, bofya More, weka tiki kwenye Match case, kisha Replace All. Tiki hiyo usiiache: bila hiyo Word hufuata herufi kubwa za alama yako na inaweza kuandika jina zima kwa herufi kubwa. Jina litavaa umbo la mahali lilipoingia, likiwa zito palipo pazito. Na kama unataka jina lionekane kwa herufi kubwa kwenye kichwa tu, usilichape kwa herufi kubwa. Chagua alama ile kichwani na ubonyeze Ctrl+Shift+A kabla ya kuhifadhi kipande. Jina litaandikwa mara moja kwa kawaida, na pale kichwani litaonekana kubwa.

Kabla ya kuchapisha, Ctrl+F, tafuta @@. Ikisema hakuna, chapisha. Ni kazi ya sekunde chache, na hasa ni muhimu kwa hati zinazokwenda mahakamani, maana tangu Julai 2020 mahakama za Nairobi hupokea hati kwa njia ya mtandao na kosa lililokwisha kupakiwa halifutwi kwa kalamu.

Word ina njia nyingine ya kisasa ya kufanya hivyo, chini ya Insert, Quick Parts, Document Property: unaweka visanduku ambavyo ukijaza kimoja vyote vyenye jina hilo hujijaza. Vinafanya kazi vizuri. Kwa saiba siipendi, kwa sababu mbili. Visanduku hivyo vina majina ya kiofisi kama Manager na Company, ambayo lazima ukariri kuwa huyu ndiye muuzaji na yule ndiye mnunuzi. Pia unachojaza hubaki kwenye maelezo ya faili, ambapo anayelipokea anaweza kukisoma. Njia ya @@ inafanya kazi kwenye Word, LibreOffice na Google Docs bila tofauti kubwa, na mfanyakazi mpya huielewa siku hiyohiyo.

Kwa kuwa umetaja mashamba, niseme jambo ambalo si la kompyuta. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, kifungu cha 34, inamkataza asiye wakili kuandaa kwa malipo hati za kuhamisha umiliki wa mali. Kuchapa alichoandika wakili ni kazi yako halali. Kumtungia mteja mkataba wa shamba kutoka kwenye vipande ulivyohifadhi ni jambo jingine, hata kama kompyuta yako sasa inaweza kuutoa kwa dakika moja. Kadiri kazi inavyokuwa nyepesi ndivyo mteja atakavyokusukuma uifanye. Mwelekeze kwa wakili.

Sasa tarehe. Ukibonyeza Alt+Shift+D, Word huingiza tarehe ya leo, na inaonekana kama maandishi ya kawaida. Sio. Ni uga, yaani mahali ambapo Word hujijazia, na kila hati inapofunguliwa au kuchapishwa uga huo husoma saa ya kompyuta upya. Mkataba uliotiwa saini mwezi wa tatu, ukiufungua mwezi wa sita kumpa mteja nakala, unatoka na tarehe ya mwezi wa sita. Nakala mbili za mkataba mmoja zenye tarehe mbili: fikiria kesi hiyo. Ukihitaji tarehe ijiweke, weka kishale juu yake mara tu baada ya kuiingiza na ubonyeze Ctrl+Shift+F9. Hapo inageuka kuwa maandishi ya kawaida na haitabadilika tena.

Ila kwenye hati ya kiapo usiweke tarehe kabisa. Sheria ya Viapo na Matamko ya Kisheria, Sura ya 15, inamtaka kamishna wa viapo aeleze kwa ukweli kiapo kilichukuliwa wapi na tarehe gani. Wewe unachapa asubuhi, mteja huenda akaapa kesho kutwa. Kipande chako cha xkiapo kiwe na sehemu ya mahali na sehemu ya tarehe zikiwa tupu, zenye mstari wa kujazwa kwa mkono. Sehemu hizo mbili kompyuta isiziguse, na mteja akikwambia umjazie kabisa ili asihangaike, mkatalie kwa upole.

Mistari hiyo ya nukta nayo ina utaratibu wake. Nikiona hati kutoka saiba, huwa natazama mahali pa saini kwanza. Nukta zilizochapwa moja moja hutambulika haraka: mstari wa muuzaji ni mrefu, wa mnunuzi ni mfupi, na jina refu likiingia nukta zinaporomokea mstari wa pili. Usichape nukta. Weka kishale kwenye mstari wa saini, fungua dirisha la Paragraph, bofya Tabs chini kushoto, andika 15.9 cm, chagua Right, na kwenye Leader chagua namba 2, ile ya nukta. Karatasi ya A4 yenye pambizo za sentimita 2.54 kila upande ina upana wa maandishi wa karibu sentimita 15.9, kwa hiyo kituo hicho kinakaa ukingoni kabisa. Sasa andika "Saini ya muuzaji", bonyeza Tab, na nukta zitajichora zenyewe hadi ukingoni. Jina likiwa refu, nukta zinapungua. Likiwa fupi, zinaongezeka. Zote zinaishia mahali pamoja. Weka kituo hicho ndani ya mtindo wa SB Saini, halafu hutakifikiria tena. Kwa mashahidi wawili wanaokaa bega kwa bega, jedwali la safu mbili lisilo na mistari ni imara zaidi, na AutoText hulihifadhi bila shida.

Ukichapa vifungu kwa Kiingereza au Kiswahili, utakuwa umekutana na hili: unaandika (a), (b), halafu (c) inageuka kuwa ©. Hiyo ni AutoCorrect iliyokuja na Word. Fungua orodha yake, itafute (c), uifute. Mara moja tu, na imekwisha. Pale pale, bofya Exceptions na uongeze vifupisho vyetu kama k.m. na taz., kwa sababu Word ikiona nukta hudhani sentensi imeisha na huikuza herufi inayofuata.

Namba za vifungu zinazojipanga ni mada ndefu yenyewe. Kwa sasa, ukihifadhi kipande chenye vifungu vyenye namba, ziunganishe namba na mtindo wako, si na kitufe cha namba cha Home. Vinginevyo kipande kikiingia chini ya orodha nyingine kitaendeleza hesabu yake, na mkataba wako utaanza na kifungu cha 7.

Tuje kwenye kompyuta ya pili. LibreOffice haioni vifupisho vya Word hata kidogo. Kila programu ina ghala lake. Lakini ina AutoText yake, na kwa maoni yangu ni rahisi kuliko ya Word. Chukua faili moja la Word lenye vipande vyako vyote, lihamishe kwa flashi, lifungue ndani ya Writer, programu ya kuchapa ya LibreOffice. Mitindo ya SB itakuja nalo. Chagua kipande, bonyeza Ctrl+F3, chagua kundi la My AutoText, andika jina na kifupisho, kisha kwenye kitufe cha AutoText chagua New. Iliyo chini yake, New yenye maneno text only, huhifadhi herufi tupu, na utarudi palepale ulipoanzia. Kuanzia hapo ni xkiapo na F3, sawa na kwenye Word. Hivyo vidole vyako havitajali umeketi kwenye kompyuta ipi.

Ukitaka kutumia AutoCorrect ndani ya Writer, jua kwamba orodha yake imegawanywa kwa lugha. Kifupisho ulichoweka chini ya Kiingereza hakitafanya kazi kwenye maandishi yaliyotajwa kuwa ya Kiswahili. Chagua lugha zote unapokiweka, na uondoe tiki ya Text only. AutoText haijali lugha, sababu nyingine ya kuipenda. Google Docs ina kitu kinachofanana na AutoCorrect chini ya Tools, Preferences, lakini hupokea herufi tupu tu.

Sasa linda kazi yako. Vipande vya Word vimo ndani ya Normal.dotm. Fungua dirisha la mafaili, andika %appdata%\Microsoft\Templates kwenye upau wa anwani, bonyeza Enter, utaliona. Funga Word kabisa, kisha nakili faili hilo kwenye flashi. Stima ikipotea faili likiharibika, au fundi akiweka Windows upya, unalirudisha na vipande vyote vinarudi. Kama kompyuta zenu zimewekwa programu inayofuta mabadiliko yote kila zikizimwa, mwombe anayezisimamia azifungue kwanza, la sivyo asubuhi utakuta ghala tupu.

Mkiwa na wachapaji kadhaa, njia nzuri zaidi ni kuwa na kiolezo cha saiba, faili la .dotx lenye mitindo ya SB na vipande vyote. Lifungue, na kwenye dirisha la Alt+F3 uchague jina la kiolezo hicho pale penye Save in badala ya Normal. Kisha weka nakala yake kwenye %appdata%\Microsoft\Word\STARTUP ya kila kompyuta yenye Word. Word hulibeba kila inapoamka. Kifungu kikibadilika, unarekebisha faili moja na kulisambaza, na Normal.dotm ya kila mmoja inabaki na mambo yake binafsi.

Na makro? Makro yanafaa pale kazi inapohitaji uamuzi: kusoma orodha, kuhesabu, kufungua mafaili mengi mfululizo. Kuita maandishi yenye umbo si kazi ya namna hiyo. Zaidi ya hapo, mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro kwenye mafaili yaliyotoka mtandaoni, kwa sababu virusi vingi vilikuwa vinapitia humo. Hati yenye makro ukimtumia mteja kwa barua pepe, atakutana na onyo jekundu na atadhani umemtumia kirusi. Kama una kikundi cha chama chenye wanachama wengi na kila mmoja anahitaji barua ileile yenye jina lake na kiasi chake, hapo tumia kichupo cha Mailings cha Word na orodha ya Excel. Bado si makro.

Anza na kipande cha saini, kwa kuwa ndicho kinachoingia kwenye kila hati na ndicho kifupi. Kikikaa sawa kwenye kompyuta zote mbili, fuata na kichwa cha kiapo. Ukikwama kwenye zile namba za vifungu, niandikie na uambatishe faili lenye @@ mahali pa majina yote, nami nitalifungua nilione.